Bibi Mizani na Mstari Uliozidi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, katibu muhtasi wa shule yetu ataifunika taipureta yake kwa kile kitambaa cha kijivu na kukabidhi ufunguo wa ofisi. Atakuwa ameitumikia shule miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ameona wakuu wa shule sita wakija na kuondoka. Walimu humwita Katibu. Sisi wanafunzi tunamwita Bibi Mizani, mbele yake na nyuma yake, na hajawahi kutukasirikia kwa hilo.

Chama cha Ushairi kimeombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Chama kina wanachama wanne, na watatu wamesema mimi ndiye ninayeandika vizuri, maana yake hawakutaka kuandika. Najua wasifu wa namna hii unatakiwa uchangamke. Nitajaribu. Pale nitakaposhindwa naomba radhi mapema.

Bibi Mizani aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na cheti cha upigaji chapa ambacho bado kimetundikwa ukutani, kioo chake kimepasuka pembeni. Ofisi aliyopewa ndiyo anayoiacha. Ni chumba chembamba kati ya ofisi ya Mkuu na stoo, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa stoo. Kwenye dari kuna doa la maji. Kila msimu wa mvua ukiisha, Bibi hupanda kwenye kiti na kuchora kwa penseli ukingo wa doa hilo, akaandika mwaka. Nimehesabu mistari ishirini na sita. Doa lilianza likiwa saizi ya sahani, na sasa linakaribia kufika juu ya kichwa chake anapoketi. Alisema alitegemea kustaafu kabla halijamfikia, na kwa hilo anaona ameshinda.

Alichapa barua za kuitwa shule na barua za kusimamishwa shule. Alichapa mitihani, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna swali hata moja lililovuja mikononi mwake. Alichapa vyeti vya tabia njema vya watu ambao sasa wana watoto humu darasani. Kompyuta ilipoletwa miaka tisa iliyopita alijifunza kwa wiki mbili, hakulalamika, akahamishia barua zote huko. Mashairi tu ndiyo yaliyobaki kwenye taipureta, na sababu yake inahitaji maelezo.

Bibi Mizani hakuwa mpenzi wa mashairi. Mwaka wake wa nne kazini, shule ilianzisha jarida, akaletewa tungo za wanafunzi azichape kwa safu mbili, kipande cha kwanza kushoto na cha pili kulia. Safu hazikukaa. Mistari mingine ilifika mbali na mingine iliishia njiani, ukurasa ukawa kama meno ya mzee. Alikwenda kwa mwalimu wa Kiswahili wa wakati ule kulalamika juu ya pambizo. Mwalimu alicheka, kisha akamweleza: mstari wa shairi hili una vipande viwili, na kila kipande kina silabi nane, wala si tisa wala si saba. Hizo silabi ndizo mizani. Mwisho wa kila kipande kuna sauti inayojirudia, ndiyo kina. Bibi alirudi ofisini, akazisoma upya tungo zile kwa sauti ya chini, akagundua kwamba ile mistari iliyomsumbua jicho ndiyo hiyohiyo iliyokwaza ulimi.

Tangu siku hiyo hakuchapa shairi bila kulihesabu.

Sisi tuliojiunga na shule akiwa ameshabobea tulijifunza kwake mambo ambayo vitabu huyasema kwa maneno mazito. Alitufundisha kwamba herufi si mizani. Alisema, "Ng'ombe ana herufi sita na mizani mbili. Ua lina herufi mbili na mizani mbili. Mbele ya sikio, ng'ombe na ua wana uzito mmoja." Alitufundisha pia kwamba kuhesabu peke yake hakutoshi. Mtunzi mmoja wa kidato cha pili alimletea shairi ambalo kila kipande kilikuwa na silabi nane kamili, lakini lilisomeka kama orodha ya vifaa vya stoo. Bibi alimwambia, "Idadi ya hatua ni jambo moja, mwendo ni jambo jingine. Askari na mgonjwa wote wanaweza kupiga hatua nane. Huyu wako anatembea kama nani?" Yule mtunzi akajibu, "Kama karani." Bibi akasema basi akamfundishe kutembea kama mtu.

Nje ya ofisi yake kuna benchi la wanaosubiri kuadhibiwa. Mimi nililitumia kwa kujificha wakati wa mapumziko, kwa kuwa uwanjani sikujua nisimame wapi. Hapo ndipo nilipoelewa mizani, kabla ya darasa lolote. Barua kwa wizara ilisikika kama mvua juu ya mabati, haina mpangilio. Shairi lilipochapwa, vidole vyake vilipiga herufi za silabi moja kwa pamoja, vikatua kidogo, vikapiga nyingine. Mara nane, kisha kituo kirefu kidogo. Mara nane tena, kisha kengele ya taipureta, ambayo hulia mstari unapokaribia mwisho. Kisha kishindo cha kurudisha mwanzo mkokoteni unaobeba karatasi. Nilifumba macho nikasikia mtu akitembea barabarani, anafika kwenye kona, anageuka. Mstari ukizidi silabi, kengele ilimkuta mtembezi bado yuko njiani, na Bibi alikuwa akisimama. Ukimya huo niliuelewa hata kupitia mlangoni.

Visa vyake ni vingi. Mkuu wa tano aliwahi kuandika shairi la kuwakaribisha wageni wa heshima. Katibu alimrudishia.

"Mkuu, mstari wa tatu unachechemea."

"Unachechemea? Kwani mstari una miguu, mama?"

"Unayo, minane kila kipande. Cha kwanza hapa kina kumi na mmoja, na bado kinachechemea."

Lilirudi mara tatu. Mara ya nne Mkuu aliamua kuwakaribisha wageni kwa hotuba ya kawaida, na inasemekana ilikuwa fupi na nzuri kuliko zote alizowahi kutoa. Mwaka mwingine kaka mmoja wa kidato cha nne alimpelekea kwa siri shairi la mapenzi, akitaka lichapwe ili mwandiko wake usijulikane. Lilirudi limekunjwa vizuri, na maneno haya kwa penseli: "Mapenzi yako yanaonekana ya kweli. Mizani yako ni ya uongo. Anza na hiyo."

Hapo ndipo penye mwisho wa sehemu ya kuchangamsha.

Miaka minne iliyopita darasa letu lilifiwa. Aliyefariki ni niliyekaa naye dawati moja, binti wa mpishi mkuu wa shule. Aliugua homa ya uti wa mgongo siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa na jina la kawaida kama watu wote, lakini mama yake alimwita Kasongambele tangu alipoanza kutambaa, kwa sababu popote penye foleni alijisogeza mpaka mbele. Kwa chakula, kwa chanjo, hata kwa viboko. Shule nzima ilimwita hivyo. Alikuwa akijikwaa kila siku kwa haraka zake, magoti yake hayakuwahi kupona yote mawili kwa wakati mmoja.

Niliombwa kuandika shairi la darasa la kusomwa mazikoni. Niliandika beti tano usiku mmoja na asubuhi nikampelekea Bibi Mizani. Jina la Kasongambele nililiweka mara moja tu, mwanzoni mwa ubeti wa mwisho, kwa sababu nilifikiri likisubiriwa litapendeza.

Kaburini watu walikuwa wengi na nilisoma nikiishika karatasi kwa mikono miwili. Nilipomaliza, mpishi aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Imekwisha?"

Mwalimu wa darasa akamjibu kwamba imekwisha.

"Mbona hamkumwita? Nimesubiri mpaka mwisho mumwite. Mmesema mwenzetu, mwenzetu. Mwenzetu ni nani? Hata paka wa stoo ni mwenzetu."

Watu walitazamana. Mpishi alininyang'anya karatasi, akaitazama, ingawa machozi hayakumwachia asome. Mwalimu mmoja aliinama akanong'ona kwamba pengine ofisi ilirekebisha wakati wa kuchapa. Ndipo Bibi Mizani alipojitokeza kutoka nyuma, viatu vyake vikiwa na udongo.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mstari ulizidi silabi moja. Nikaliondoa."

"Ukaliondoa."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu alizidi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho wanawake hao wawili kuambiana. Kabla ya hapo walikuwa marafiki. Kila siku saa nne asubuhi mpishi alikuwa akizungusha chai kwenye ofisi, na ofisi ya Katibu aliiacha iwe ya mwisho ili aketi kidogo. Waliitana dada. Baada ya maziko, sinia liliendelea kuzunguka: kwa Mkuu, kwa mhasibu, kwa walimu, hata kwa fundi akiwepo. Mbele ya mlango wa Katibu halikusimama. Wiki ya pili Bibi alianza kuja na chupa ya kijani ya chai kutoka nyumbani. Amekuja nayo miaka minne. Kutoka jikoni hadi ofisini kwake ni hatua thelathini na mbili. Nimezipima.

Wengi wanaosoma kijitabu hiki wanajua kisa hiki mpaka hapo. Kuna sehemu hawaijui, kwa sababu watu wawili tu ndio walioijua, na kwa miaka minne hakuna aliyeisema. Mmoja ni anayestaafu. Mwingine ni mimi.

Asubuhi ile, kabla ya maziko, Bibi aliniita kutoka kwenye benchi. Shairi lilikuwa kwenye mashine, limefika ubeti wa mwisho. Alikuwa amelia, kope zilikuwa nyekundu. Alinionyesha kipande kile, *Kasongambele umelala*, akanihesabia kwa ncha ya penseli. Tisa. Nilihesabu mwenyewe kwa vidole, na kidole cha tisa kikainuka. Niliona aibu kubwa, aibu ya kijinga, kana kwamba nimefeli mtihani mbele ya watu.

"Naweza kuweka *Mwenzetu sasa 'melala*," alisema. "Itatosha. Lakini jina lake litatoka. Una hakika?"

Nilimjibu, "Ndiyo, Bibi. Mizani kwanza." Hayo yalikuwa maneno ya Chama chetu, tuliyaandika ubaoni kila Jumatano. Kisha nikasema, "Asante. Sasa ni zuri zaidi."

Aliniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Pale kaburini alikuwa na kila haki ya kunyoosha kidole. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Hakunitazama hata kidogo, na baadaye nimeelewa kwamba hakunitazama ili watu wasifuate macho yake. Mimi nilitazama chini. Nimeendelea kutazama chini kila saa nne asubuhi, sinia linapopita.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake kuchukua tarehe za wasifu huu. Vidole vyake siku hizi vinakakamaa, akaona ni rahisi kunipa karatasi aliyokwisha kuandika kuliko kuandika upya. Nilipoigeuza, nyuma yake kulikuwa na mistari ya taipu, mingi, yote ikijaribu jambo moja. Nusu ilikuwa imekatwa kwa alama za x. Wa mwisho haukukatwa. Ulisomeka: *Kasongambele walala.* Chini ya kila silabi kulikuwa na nukta ya penseli. Nukta nane. Pembeni kulikuwa na tarehe: siku moja baada ya maziko.

Alipoona nimeona, alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Hiyo ni karatasi chafu," alisema.

"Bibi, jina lingeweza kubaki."

"Lingeweza. Ilikuwa ni kukata kwenye kulala, mimi nikakata kwenye mtoto. Nilikuwa navua viatu usiku baada ya maziko, ndipo sikio likaniambia ipo njia, kesho yake nikaitafuta mashineni. Miaka ishirini na saba nahesabu silabi za watu, siku hiyo moja nikashika neno lililokuwa karibu. Nilichelewa siku moja."

Nilimwambia nataka kuandika ukweli wote. Alikataa. Alisema mimi bado nina mwaka mzima wa kula kwenye jiko lile, yeye anaondoka, na mzigo uliozoeleka begani haukwaruzi tena. Nilimwambia nitafikiri. Ni uongo, nilikuwa nimeshaamua, ila sikuwa na ujasiri wa kusema hivyo mbele yake. Sikutaka mpishi akute jambo hili kwenye kijitabu, kati ya ratiba na orodha ya wageni. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda jikoni kwanza.

Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nilisimama mlangoni mpaka akachoka kunisubiri.

"Kama umekuja kuombea mtu ukoko, umekwisha."

Nilimweleza yote. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati. Mikono yake iliendelea kuchagua mchele mpaka nilipofika kwenye maneno *sasa ni zuri zaidi*. Hapo ilisimama.

"Wewe."

"Ndiyo, mama."

"Umekula kwenye sufuria zangu miaka minne. Nakupakulia nyama kama rafiki wa mwanangu. Nakwambia ongeza, umekonda. Na hili limo humo tumboni mwako."

Alisema yule mwingine ndiye aliyechapa, lakini mimi ndiye niliyenyamaza, na sisi sote wawili tulimfukia mwanawe mara ya pili. Aliyasema bila kupandisha sauti. Ningependa angepiga kelele.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mwalimu amewahi kuniuliza.

"Nieleze basi. Silabi moja ni kitu gani, mpaka mtoto wa mtu akose nafasi?"

Nilikaa kwenye kigoda. Nilichukua mwiko, nikagonga ukingo wa meza kwa mstari mwingine wa ubeti uleule: *Ha-tu-na ha-mu ya ku-la.* Mara nane. *Sa-ha-ni zi-po me-za-ni.* Mara nane. Nilimweleza kwamba sikio likishazoea nane hutegemea nane, kama mguu unavyotegemea ngazi ziwe na kimo kimoja hata gizani. Alisema niendelee. Niligonga ule wake. *Ka-so-nga-mbe-le u-me-la-la.* Gonga la tisa lilianguka peke yake.

"Hapo," nilisema. "Hapo msomaji anajikwaa."

Kisha nilimwonyesha karatasi ya Bibi, nikagonga *Ka-so-nga-mbe-le wa-la-la*, na lilikaa sawasawa.

"Kwa hiyo dawa ilikuwepo."

"Ilikuwepo, mama. Aliipata kesho yake."

Aliitazama karatasi ile kwa muda, zile x zote. Aliuliza kama ni yeye peke yake aliyekaa kuzipiga. Nikasema ndiyo. Alichukua mwiko kutoka mkononi mwangu, akagonga mwenyewe, polepole, kwanza ule wa nane, halafu ule wa tisa. Alirudia wa tisa mara tatu. Mara ya tatu uso wake ulikunjamana na nilifikiri atalia, lakini hakulia.

"Huu," alisema. "Huu ulioandika mwanzo. Sitaki akatwe popote, si jina lake wala kulala kwake. Kama atakayesoma atajikwaa, na ajikwae. Mwenyewe alikuwa anajikwaa kila siku. Na mimi nimejikwaa miaka minne, nani kanihesabia?"

Nimesoma vitabu viwili vya ushairi kwenye maktaba yetu, kimoja chote na nusu ya kingine. Vyote vinasema mtunzi akivunja mizani ameonyesha udhaifu. Sijaona ukurasa unaosema yale aliyosema mpishi: kwamba mwendo wa sawasawa upo ili siku mtu anapoanguka, wote wasikie. Sasa naona hata Bibi alitufundisha hivyo, alipouliza shairi linatembea kama nani. Sisi ndio tuliosikia nusu tu, tukaiandika ubaoni.

Niliondoka jikoni bila kuambiwa ongeza. Aliniruhusu kuandika haya. Kuhusu msamaha, alisema kila mtu na wake, na wangu bado anaufikiria. Aliniachia pia ujumbe mmoja kwa anayestaafu. Nimeuweka mwisho.

Mkuu wetu wa sasa alikaa na rasimu hii siku nzima. Alipoirudisha alisema tu kwamba si kawaida. Nafasi ya katibu haitajazwa, kila mwalimu atachapa mambo yake. Taipureta itahamia stoo, upande wa pili wa ule ukuta unaoonekana dirishani. Bibi anakwenda kuishi na dada yake mkubwa ambaye alipooza upande mmoja na amepoteza maneno. Alipotaja jambo hilo nilisema pole. Alisema si neno, mtu asiyesema bado ana mwendo wake, ukikaa naye utausikia.

Kwa barua zote, kwa mitihani iliyotunzwa, kwa jarida matoleo ishirini na saba, kwa kuturudishia mashairi mabovu bila kutucheka, na kwa mgongo alioutoa siku ile uchukue kisicho chake peke yake, Chama cha Ushairi kinasema asante. Mimi nasema asante na naomba unisamehe, Bibi.

Nasema Bibi moja kwa moja kwa sababu najua nani anachapa kurasa hizi. Alikataa kijitabu kichapwe na mtu mwingine, alisema kazi ya mwisho si ya kuazima mkono. Basi hadi hapa umeshaona yote, na hukuwa na njia ya kunizuia isipokuwa kuacha kuchapa. Kama watu wanasoma maneno haya Ijumaa, hukuacha.

Ubeti unaofuata nauomba uchapwe kama ulivyoandikwa. Kipande cha kwanza kitapita safu yake na kukigusa cha pili. Usirudi nyuma kufuta.

*Kasongambele umelala, hatukuoni foleni,*
*Wenzako hatuna hila, tumeketi majonzini,*
*Hatuna hamu ya kula, sahani zipo mezani,*
*Tutakuombea sala, ulale kwa tumaini.*

Tunakutakia siku nyingi, Bibi Mizani, nyingi kiasi kwamba usizihesabu. Vidole vyako vipate joto, na paa la huko uendako lisivuje.

Na ujumbe wa jikoni ni huu. Nauandika kama nilivyopewa: "Mwambie dada, Ijumaa asije na chupa."